Sala ya Kusahihishwa kwa Kalamu Nyekundu

Wiki iliyopita mliniacha mlangoni mwa ofisi ya mkuu wa shule, nimeambiwa nisiingie bila dini.

Si utani. Na wewe uliyelikuta gazeti hili limefungia vitunguu, ngoja nikudokeze kidogo usije ukadhani nimerukwa na akili.

Baba yangu ni fundi spika. Mtaa wetu una msikiti na kanisa, vinatazamana, na karakana ya Baba iko pale pale katikati. Ijumaa anafunga vyombo huku, Jumapili anafunga kule. Mama ni mshonaji: leo kanzu, kesho majoho ya kwaya. Sheria ya nyumba yetu ni moja, na Baba ameirudia tangu nikiwa nabebwa mgongoni: "Hapa kwetu hatuna upande. Tuna wateja."

Kwa hiyo nimekulia nyuma ya mashine ya sauti. Nimehudhuria ibada nyingi kuliko mtawa yeyote, ila kwa masikio ya fundi. Wenzangu neno likiwachoma moyo, mimi nasikia besi imezidi.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka shule yetu ilipopata mkuu mpya. Mama huyo alisimama mbele ya paredi akatangaza kwamba hatasajili mtahiniwa wa kidato cha nne asiye na dini. Kila mmoja achague kipindi kimoja cha dini, na aletwe na kiongozi wa dini anayemfahamu. Nilipoulizwa mimi ni wa wapi, nilijibu, "Sijui." Darasa zima lilicheka. Mimi sikuwa natania.

Kisha, kwa kuwa msiba hauji peke yake, Bibi akajikwaa kwenye waya wa spika koridoni mwetu akavunjika nyonga. Bibi huyu ni mama mzazi wa Baba, na ndiye aliyenilea Mama akiwa kwenye cherehani. Daktari alisema atapasuliwa, akaongeza kwamba moyo wake ni dhaifu na sindano ya usingizi inaweza kumchukua moja kwa moja.

Sasa nikiri kwenu jambo ambalo wiki iliyopita niliona haya kulisema. Tangu Bibi alazwe, nataka kusali. Nataka kweli kweli. Sijui naanzaje, wala sijui naipeleka wapi.

Hapo ndipo tulipo. Twende.

Baba alikuwa ameniambia, "Hilo la shule niachie mimi, nitalimaliza." Mlango wa ofisi ukafunguliwa, nikaona alivyolimaliza. Alikuwa amewaleta wote wawili.

Sheikh alikaa kiti cha kushoto, Mchungaji cha kulia. Baba alisimama katikati na ovaroli lake la kazi, bisibisi mfukoni. Mama alikuwa nyuma yao, tepu ya kupimia shingoni, anamwangalia Mkuu mabega kama anayekisia kitambaa.

"Binti, ingia," Mkuu akasema. "Wazee hawa wamekuja kukusemea. Tuanze. Nani anamfahamu huyu mtoto?"

"Mimi," wakajibu wote wawili.

Mkuu akavua miwani.

"Wallahi, Mkuu," Sheikh akaanza, "huyu binti hajakosa Ijumaa hata moja. Anafika kabla yangu. Kuna wanaume wazima wanaopaswa kujifunza kwake."

"Bwana asifiwe," Mchungaji akadakia. "Jumapili ndiyo usiseme. Kwaya inachelewa, mimi nachelewa, yeye namkuta. Na wala haondoki mpaka watu wote wameisha."

"Mtoto mmoja," Mkuu akasema taratibu, "dini mbili?"

"Mkuu," Baba akaingilia, "siku zenyewe hazigongani. Ni suala la ratiba tu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na mkoba wangu wa shule.

"Fundi," Mkuu akamgeukia, "nataka upande mmoja."

"Nikitoa mmoja, Mkuu, huyu mwingine atanielewaje?" Baba akawaonyesha wale wazee kwa mikono miwili, kwa adabu, mtu asijione amenyooshewa kidole. "Hawa wote ni wazee wangu."

"Kusema kweli," Mchungaji akakohoa, "sisi hatuna tatizo Sheikh akimchukua, ilimradi Jumapili atupe."

"Na sisi vivyo hivyo," Sheikh akasema. "Mchukueni mtoto, tuachieni Ijumaa."

Hapo nikaelewa. Hakuna aliyekuja kuiombea roho yangu. Kila mmoja alikuwa analinda maiki zake.

Mkuu naye si mtu wa kuchezewa. Alifungua droo, akatoa kalamu nyekundu, akaiweka mezani mbele yangu.

"Basi tutajua sasa hivi. Mtu hujulikana kwa sala yake. Binti, omba."

"Hapa?"

"Hapa hapa."

Nikafumba macho. Nilijiambia nimefika, hii ndiyo nafasi niliyokuwa naitafuta. Nikamfikiria Bibi, nikafungua mdomo, na mdomo wenyewe ukatoa kile ambacho maishani mwangu kimefungua kila ibada. Kidole changu kikagonga meza mara mbili.

"Jaribio. Moja, mbili. Jaribio."

"Amina," Mchungaji akaitikia, kwa mazoea.

Sikuweza kujizuia tena. Ilikuwa kama bomba limepasuka. "Waumini sogeeni mbele, jazeni nafasi. Simu zizimwe. Mwenye gari jeupe lililoziba lango akaliondoe. Wapendwa, mwambie jirani yako, jirani. Mama mwenye mtoto anayelia, tunampenda mtoto lakini kuna kivuli nje." Kisha nikakohoa, kikohozi kirefu chenye mkwaruzo mwishoni.

Mkuu akavaa tena miwani.

"Hicho kikohozi," Mkuu akauliza, "ni cha dini gani?"

"Ni changu," Sheikh akasema kwa sauti ya chini.

"Na mimi ndivyo ninavyosema 'mwambie jirani yako'?" Mchungaji aliniuliza, uso umemshuka. "Kwa kuvuta hivyo?"

"Siku za joto unavuta zaidi, Mchungaji."

Mkuu akaishika ile kalamu. "Miaka yote hiyo, Ijumaa na Jumapili, na hayo ndiyo uliyobeba?"

"Ndiyo yanayosikika vizuri, Mkuu. Yakifika yale mengine, Baba huwa ananikonyeza nipunguze besi."

Machozi yalikuwa yamenilenga. Nilicheka ili yasishuke, nikaonekana mtovu wa adabu.

Mkuu akaniacha. Akamkazia macho Baba. "Mzazi, nikuulize wewe. Wewe ni dini gani?"

"Mimi ni fundi."

"Nimeuliza dini."

"Na mimi nimejibu, Mkuu. Fundi."

"Ulisoma shule gani wewe?"

Nilimwona Baba akibadilika. Mkono ukaenda mfukoni kwenye bisibisi, akaishika kama mtoto anavyoshika shuka. Kisha akaeleza jambo ambalo nyumbani kwetu hatujawahi kulisikia, wala mimi, wala Mama aliyelala naye kitanda kimoja miaka yote.

Alisoma shule ya bweni ya dini. Hakutaja ya dini gani, na wale wazee wawili wakawa wanasikiliza kwa wasiwasi, kila mmoja akiomba isiwe yake. Alfajiri walikuwa wanaamshwa kukariri. Ukikosea unachapwa, ukipatia unaongezewa. Alikuwa akipenda kusali alipoingia shule ile, alisema. Mama yake alikuwa amemzoesha nyumbani, taratibu, wakiwa wawili. Lakini pale shuleni kila neno lililokuwa tamu kwa mama yake likawa linanuka fimbo.

"Siku moja spika ya shule ikafa," Baba akasema. "Mwalimu akauliza nani anaweza kuitazama. Nikanyoosha mkono. Sikuwa najua chochote. Ila nikaona wenzangu wanaingia kusali, mimi nimebaki nje na waya. Tangu siku ile sijaingia tena."

"Kwa hiyo ufundi wako..." Mkuu akaanza.

"Nilijifunza ili nikwepe sala."

Mchungaji na Sheikh wakatazamana. Katika mtaa ule mzima hakukuwa na mwanamume aliyekaa kwenye sala nyingi kama Baba. Alikimbia mvua akahamia mtoni.

"Nikaapa," Baba akaendelea, "wangu hawatalazimishwa. Hakuna atakayemwambia mwanangu asali hivi au asisali vile."

"Ukawaambia wasisali kabisa," Mama akasema.

Tukageuka wote. Mama si msemaji. Anayafunga maneno midomoni pamoja na pini zake.

"Mke wangu..."

"Kulazimisha ni kulazimisha, baba watoto. Wao walikufungia ndani, wewe umetufungia nje." Aliivua tepu shingoni, akawa anaizungusha mkononi. "Unajua kwa nini sitaki ile cherehani ya umeme uliyoniletea?"

"Ulisema inakata nyuzi."

"Haina kelele. Ile ya miguu ina kelele. Nikiikanyaga kwa kasi naweza kusali kwa sauti na usinisikie."

Baba akamgeukia. "Unasali upande gani?"

"Hilo," Mama akasema, "muulize mteja."

Sheikh alianza kusema kitu, Mchungaji akamshika mkono amwache. Na simu ya Baba ikalia.

Alisikiliza kwa muda mfupi. Nikaona rangi inamtoka.

"Ni wodini," akasema. "Chumba cha upasuaji kimepata nafasi, wanataka kumwingiza sasa. Mama yangu amekataa. Anasema hapasuliwi mpaka aombewe."

"Twende," Sheikh akasimama.

"Twende," Mchungaji akasimama.

"Si nyie." Baba alinitazama mimi, macho yamemtoka. "Amesema mjukuu wake. Amesema nyie wawili amekusikieni kupitia ukuta kila wiki bila kupenda, leo anataka kumsikia mtoto wa nyumbani kwake."

Mimi! Ambaye dakika ile ile nimetoka kumwambia Mungu aondoe gari jeupe langoni!

Nikaruka kuelekea mlangoni. Mkuu akasimama mbele yangu.

"Mwanafunzi haondoki saa za masomo bila mwalimu."

"Mkuu, bibi yangu atakufa!"

"Ndiyo maana nakuja nawe." Akachukua mkoba wake, akaitia kalamu nyekundu kwenye nywele juu ya sikio. "Na hiyo sala nitaisahihisha mwenyewe. Hiyo haitakuwa ya kukariri."

Tulikwenda kwa pikapu ya Baba. Mkuu na Mama walikaa mbele. Nyuma tulikaa mimi, Sheikh na Mchungaji, katikati ya spika zilizokuwa zimeletwa karakana kurekebishwa. Barabara ilikuwa mbovu, kwa hiyo kila mzee aliikumbatia spika yake isianguke.

"Hiyo ndiyo yenu?" Sheikh akauliza baada ya muda.

"Ndiyo," Mchungaji akajibu.

"Mbona kubwa?"

"Si zinalingana? Fundi alisema zinalingana."

Wakasogeza moja kando ya nyingine wapime. Baba aliwaona kwenye kioo, akakanyaga mafuta.

Kwenye makutano ya barabara watu walituona, sheikh na mchungaji pikapu moja na vipaza sauti, wakaanza kukusanyika. Mwanamume mmoja mwenye baiskeli akapaza sauti: "Wazee, kuna mkutano wa nini?"

"Nyonga!" Sheikh akamjibu.

Yule mtu akatikisa kichwa kwa heshima, akatufuata kwa baiskeli.

Hospitalini, Bibi alikuwa tayari kwenye kitanda cha magurudumu, nje ya mlango wa chumba cha upasuaji. Alikuwa mdogo ndani ya lile gauni la kijani, mdogo kuliko nilivyomwacha jana. Muuguzi alikuwa ameshika mpini wa kitanda na uvumilivu umemwisha.

"Huyu ndiye mnayemsubiri?" akauliza. "Jamani, kuna wagonjwa wengine. Na hao wote ni akina nani?"

"Mimi ni wa kusahihisha," Mkuu akasema.

Muuguzi aliitazama ile kalamu, akaamua kutouliza zaidi.

"Shikamoo, Bibi," nikasema, nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi.

"Marahaba, mume wangu." Ndivyo anavyoniita tangu utotoni, ingawa mimi ni msichana, anasema waume wote wenye akili wameisha. "Wameniambia huenda nisiamke. Sitaki kwenda kimya kimya. Anza."

Nikafumba macho. Nikasikia Mkuu akifungua mkoba na kutoa karatasi. Kushoto kwangu Sheikh akaninong'oneza maneno ya kuanzia. Kulia Mchungaji naye akaninong'oneza ya kwake. Wote walikuwa na nia njema, wote walinitemea mate sikioni.

"Moja, mbili..." nikaanza.

Bibi akacheka. Alicheka mpaka akashika nyonga kwa maumivu, na kicheko kile kikanivunja. Nikalia mbele yao wote. Nililia kwa hasira kuliko huzuni.

"Tokeni!" nikasema.

"Binti," Mkuu akaonya.

"Tokeni, nawaomba, shikamooni, tokeni!"

Sijawahi kumfokea mtu mzima na kumwamkia kwa pumzi moja. Nikavuta pazia lililokuwa pale koridoni, nikalizungusha pande zote za kitanda, tukabaki wawili. Chini ya pazia niliona viatu vyao vyote vimejipanga, hakuna hata kimoja kilichoondoka.

"Sijui, Bibi," nikamwambia. "Sijui kusali. Najua kufunga maiki."

"Hata mimi nilipoanza sikujua. Sema unachotaka."

Basi nikasema. Sikufumba macho, nilimtazama yeye. Nikasema: Wewe, sijui jina ninalopaswa kukuita, na nikikosea la upande mmoja nitawaudhi wa upande mwingine, kwa hiyo leo naomba unisikie bila jina. Huyu ni bibi yangu. Alikuwa ananipikia uji Mama akiwa kazini. Alikuwa ananisimulia hadithi na kuzikatiza mahali patamu ili nilale kwa hasira. Usimchukue. Ukimchukua sitajua nani wa kumlaumu, maana hatukufahamiana. Kama upo, nianze na wewe leo, na mwanzo wetu usiwe mbaya.

Nikaishiwa.

Nyuma ya pazia mtu alikuwa anavuta kamasi. Nilitazama viatu: vilikuwa vya Mkuu.

Bibi alinifuta machozi kwa shuka la hospitali. Muuguzi akavuta pazia, akasema, "Sasa basi," akasukuma kitanda, milango ikafunguka ikajifunga, na Bibi akawa hayupo.

Tukabaki koridoni.

Mkuu alikuwa ameikunja karatasi yake. Macho yalikuwa mekundu kama kalamu yake. "Ilikuwa sala," akasema. "Nimesikia nyingi. Lakini siwezi kuipa alama, binti. Haina upande. Kipindi chako kipi? Kesho nafunga usajili."

"Mkuu, kwa leo mwache," Mama akasema.

"Sheria sikuitunga kwa ajili yake peke yake, mama."

Sheikh alinisogelea, akaniwekea mkono kichwani. Nilidhani ataniambia jambo la Ijumaa. "Mwanangu," akasema, "nimekaa na wewe miaka yote sijawahi kukuuliza hata swali moja. Nisamehe." Mchungaji akakubali kwa kichwa, akatazama pembeni.

Kidogo nikaamini mambo yatatulia. Ole wangu.

Milango ya chumba cha upasuaji ikafunguka kwa kishindo. Muuguzi akatoka, barakoa imeshuka kidevuni.

"Yuko wapi huyo binti?"

Nikamkimbilia. "Amekufa?"

"Amekufa nini! Amegoma! Daktari ana sindano mkononi, mgonjwa ameficha mkono chini ya shuka. Anasema sala haijafungwa. Anasema mtu hapewi usingizi katikati ya sala. Njoo ukaifunge, upesi, moyo wake unakwenda mbio na mashine inapiga kelele."

Kweli. Nilikuwa nimeishiwa tu. Sikuifunga.

Na hapo kila mmoja pale koridoni alielewa pamoja nami. Kuanza sala bila jina nilikuwa nimeweza. Kuifunga ndiko kunakoonyesha mtu ametoka wapi. Sheikh alijua. Mchungaji alijua. Mkuu alikuwa tayari ameshatoa kalamu.

Baba alinishika bega. "Mwanangu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayezama, "funga kwa... funga kwa amina tu. Ya jumla."

"Baba watoto," Mama akasema, "muache mtoto."

Walinivisha gauni la kijani na kofia ya nailoni. Milango ikaachwa wazi kwa kuwa hakuna aliyekuwa na mkono wa kuifunga, na wote wakasogea mpaka kwenye mstari mwekundu wa sakafuni ambao haupaswi kuvukwa. Ndani kulikuwa na taa kubwa na daktari aliyesimama na sindano.

"Funga, mume wangu," Bibi akasema. Midomo ilikuwa imekauka. "Wananingoja."

Niliinama. Wasomaji wangu, sijui nilijuaje. Sikuchagua kwa kupima. Si kwa ajili ya shule wala karakana. Neno lilikuja lenyewe, na nilipolisikia likija nilitambua kwamba nimekuwa nalo siku nyingi, chini ya besi yote ile. Nikalisema sikioni kwake, polepole, lote mpaka mwisho. Nililosema ni letu sisi wawili kwa sasa, na mtanisamehe.

Bibi akafumbua macho. Akanitazama kwa muda, na uso wake ukalegea, ukawa wa msichana.

Daktari akasogea na sindano. "Haya, mama, mkono."

"Bado," Bibi akasema.

"Mama, tafadhali! Sala si imefungwa?"

"Yake imefungwa." Aliinua kichwa kutoka kwenye mto, shingo inatetemeka, akatazama nje ya mlango, kuvuka ule mstari mwekundu. Hakuwatazama wazee wa dini. Alimtazama mwanawe na ovaroli lake.

"Nilikupeleka shule ile nikijua watakufundisha zaidi yangu," akamwambia. "Ukarudi bubu. Nikasema atarudiwa na sauti, nikangoja. Ukaweka sheria yako nyumbani, nikainyamazia kwa ajili ya riziki yako. Leo sina mteja, mwanangu. Tulikuwa tunasali wawili, mimi na wewe, usiku kabla hujalala. Njoo tusali."

Baba akavuka mstari. Hakuna aliyemvisha gauni wala kofia. Akapiga magoti kando ya kitanda, mkubwa, mwenye grisi mikononi, akafungua mdomo.

Hakuna kilichotoka. Midomo ilikuwa inacheza, na mtu huyu aliyewapa sauti watu wa mtaa mzima hakuwa na hata ya kunong'ona.

Mashine ya moyo ikaanza kupiga upesi zaidi.

"Fundi, sema chochote!" daktari akamfokea. "Tunampoteza huku tukimtazama!"

Bibi akauvuta mkono wake chini ya shuka, mbali na sindano.

"Mwacheni," akasema. "Nitamngoja."